Jibu Moja la Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Pakawa porini!
Porini kuna nini?
Kuna chuo!
Basi anayesinzia asinzie pembeni, mwenye masikio anisogelee.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo chao, na chuoni humo kulikuwa na somo lililowatoa wengi machozi. Liliitwa takwimu bima. Ukilisoma, unajifunza kukadiria mabaya kabla hayajafika: nani huenda akaugua, shamba la nani huenda likaungua, na kila mmoja achangie nini ili siku ya msiba pasikosekane kitu. Pimbi alilipenda somo hilo. Alikuwa mdogo, masikio mafupi, mkia hana, lakini tangu moto wa nyika ulipowaacha ndugu zake mikono mitupu, aliapa kuwa ataisomea kazi hiyo mpaka aipate.

Kiboko naye akajiandikisha. Yeye alisikia tu kwamba kazi ile ina ulaji.

"Ulaji!" akasema, udenda chururu! "Basi ndiyo kazi yangu."

Mwalimu wao alikuwa Bi Korongo, ambaye akiwaza husimama kwa mguu mmoja. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia, "Wanangu, katika kazi yetu jambo la hakika ni moja tu. Mengine yote yanategemea." Akalitaja hilo jambo moja. Pimbi akalisikia. Kiboko alikuwa kantini. Nanyi subirini, mtalisikia.

Wakasoma hesabu. Pimbi akakokotoa mpaka makucha yakalika. Du! du! du! Kiboko huyo.

"We dogo, umemaliza?"

"Nimemaliza, kaka mkubwa."

"Lete! Usipoleta nakukalia."

Pimbi akatoa, Kiboko akanakili.

Wakasoma takwimu. Du! du! du!

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Lete!"

Wakasoma uchumi. Lete! Roho ilimuuma Pimbi, tena ilimuuma sana, lakini wewe ungekubali kukaliwa na Kiboko?

Ukafika mwaka wa mwisho. Mfuko wa Bima wa Nyika ukatangaza nafasi moja tu ya mafunzo kazini. Atakayejibu vizuri zaidi mtihani wa mdomo ndiye atakayeipata. Pimbi hakutaka kitu kingine duniani. Kabla hajafungua daftari, du! du! du!

"We dogo, nipe majibu."

"Maswali yenyewe hatuyajui, kaka mkubwa."

"Basi nakukalia."

Pimbi akajikuna sikio. "Ngoja, ngoja! Somo hili lina jibu moja. Ukiulizwa lolote, sema: inategemea."

"Neno moja tu?"

"Mwalimu mwenyewe alisema."

Kiboko akacheka ho! ho! ho! Akaenda zake mtoni, chubwi! Akala nyasi mpaka siku ya mtihani.

Siku ikafika, darasa zima likaketi kutazama. Kiboko akasukuma wenzake, akaingia wa kwanza.

"Mvua za mwakani zitatosha?" akauliza Bi Korongo.

"Inategemea."

"Swala na Kobe, nani achangie zaidi?"

"Inategemea."

"Vizuri sana, mwanangu! Hivyo ndivyo tunavyowaza."

Pimbi akajiuma kidole. Jamani, kumbe nafasi yake amempa Kiboko kwa mkono wake mwenyewe!

"Swali la mwisho," akasema Bi Korongo. "Kila aliyezaliwa, atakufa?"

Kiboko akatuna, akavuta pumzi. "Inategemea!"

Kwi kwi kwi! Darasa zima chini. Hata Bi Korongo akateremsha mguu wa pili.

"Inategemea nini, mwanangu?"

"Inategemea... kama amekula!"

Akaitwa Pimbi.

"Kila aliyezaliwa, atakufa?"

"Atakufa, Mwalimu. Hilo ndilo jambo la hakika ulilotuambia siku ya kwanza."

"Lini?"

"Hapo ndipo inategemea. Niruhusu nipige hesabu."

Akapiga hesabu ubaoni, kra! kra! kra! mpaka chaki ikaisha. Nafasi akapewa yeye.

Kiboko akavimba kwa hasira. Du! du! du! Pimbi, vuup! ndani ya ufa wa mwamba. Kiboko akaingiza pua, pua ikakwama.

"Toka nikukalie!"

Kiboko akapiga mguu chini, du!

"We dogo, utatoka lini?"

Kasauti kakatoka ndani: "Inategemea, kaka mkubwa!"

Tangu siku hiyo Pimbi akaitwa kiboko ya Kiboko.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni kwamba msijisumbue na masomo. Shikeni neno moja tu, linatosha, na siku ya kwanza ya chuo nendeni zenu kantini mkale.

Ngano yangu imefika ukutani. Ikiwa tamu, sukari mmetia ninyi. Ikiwa chungu, mlaumuni Kiboko. Na mkilifuata funzo langu, je, mtafaulu? Itikieni!

Inategemea!