Kiti cha Mbele ya Televisheni

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda, na leo nawatwika nyinyi.

Huko milima ya Taita kulikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja. Mghanga, kifungua mimba, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akikinyoosha kitu, kimenyooka. Mkamburi, binti aliyemfuata, alikuwa na subira ya kusoma maelekezo ya chombo chochote mpaka ukurasa wa mwisho, jambo ambalo kaka zake hawakuwahi kulifanya hata kwa dawa ya kikohozi. Mwadime, dalali wa mbuzi, alikuwa na mdomo. Angeweza kukuuzia mbuzi wako mwenyewe, nawe ukamshukuru.

Mdogo wao, Wakesho, alikuwa ng'ambo akicheza mpira wa wavu, na mama yao hakuwahi kumwona uwanjani hata mara moja. Siku moja Wakesho akapiga simu: mechi ya Jumamosi alasiri ingeonyeshwa kwenye stesheni ya bure ya setilaiti. Televisheni ilikuwapo nyumbani, lakini stesheni za kawaida hazikuwafikia kwa sababu mlima uliwakinga.

Mama akakitazama kiti cha mbao kilichokuwa kitupu tangu mumewe afariki. Katika nyumba ile, anayekalia kiti kile ndiye mwenye neno la mwisho jambo la familia likijadiliwa.

"Atakayenionyesha Wakesho akicheza," akasema, "kiti cha baba yenu ni chake."

Mghanga akaanza. Nyuma ya jiko kulikuwa na dishi kuukuu ambalo Mama alilitumia kuanikia maharagwe.

"Na maharagwe yangu?" Mama akauliza.

"Yatapata mkeka, Mama."

Akaligonga polepole mahali lilipobonyea, akachomelea bomba la kulishikilia, akalisimika kwa saruji. Akapima kwa uzi wenye jiwe mpaka bomba likasimama wima kabisa, maana likiinama hata kidogo, dishi hupotea njia kila likigeuzwa.

Mkamburi akaleta king'amuzi kisicho na malipo ya mwezi. Akaingiza namba za masafa alizokuwa amezinakili kwenye daftari, huku Mghanga akisogeza dishi nje. Mstari wa nguvu ya mawimbi ukajaa kwenye skrini. Mghanga aliposikia kutoka ndani kwamba umejaa, akakaza nati zote, akaenda kunawa mikono.

"Zilegeze," Mkamburi akamwambia. "Hiyo nguvu inaonyesha tu kwamba waya umeshika. Ubora bado ni sifuri."

Akamwamuru alisogeze dishi upana wa kidole, kisha upana wa ukucha, kisha akizungushe kile kichwa kinachopokea mawimbi. Alasiri nzima ikaishia hapo, na Mghanga alinuna. Ubora ukapanda, ukakwama njiani. Picha ikaja vipande vipande, ikatoweka.

Mwadime, aliyekuwa amekaa akila muwa, akainua macho kule dishi linakoelekea. "Mnatazama mkaratusi wa Mzee Mwachofi," akasema.

Mzee Mwachofi, jirani yao, hakuwa amesalimiana na nyumba ile kwa miaka sita, tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwadime akaenda kwake mikono mitupu. Hakuutaja mti. Aliomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, akamkaribisha mzee aje amwone Wakesho, aliyemjua tangu anatambaa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Mtamwona vipi na tawi langu hili?" Akaagiza msumeno.

Jumamosi picha ikatulia. Wakesho akaruka, akapiga, kisha akafuta jasho kwa bega, vile vile kama baba yake alipokuwa akilima. Mama akalia mbele ya watu wote, Mzee Mwachofi akiwamo.

"Ndiye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Mechi ilipokwisha, macho yote yakageukia kiti.

"Bila bomba langu," Mghanga akasema, "king'amuzi ni kiboksi cha kupambia kabati."

"Na bila mimi," Mkamburi akajibu, "ungekuwa umeshanawa mikono, Mama angali akitazama skrini nyeusi."

"Nyote wawili mlikuwa mkimwonyesha Mama majani," akasema Mwadime.

Mghanga akamgeukia. "Na wewe nani alikutuma kuomba radhi kwa jina la nyumba? Hilo ni neno la mwenye kiti."

"Ndiyo maana nilikwenda. Kiti kilikuwa kitupu."

Basi Mama amekipangusa vumbi. Jumamosi ijayo Wakesho anacheza tena, na lazima mtu awe amekikalia. Msiniambie kiachwe kitupu, kwa sababu Mama ameshaahidi. Msiniambie wakae kwa zamu, kwa sababu neno la mwisho likiwa na wenyewe watatu si la mwisho tena.

Haya, wewe ndiye Mama, na mkono wako uko juu ya mgongo wa kiti. Je, unamwita nani aje akae?