Sega la Wageni wa Kalunde

“Sega waachie nyuki, kidonda hakipigi hodi.” Mmeisikia leo, na mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, huko kwenye misitu ya miombo, msimu ambao maua yalichanua hata hewa yenyewe ikawa tamu.

Kalunde na mumewe, Ngasa, walikuwa warina asali. Desturi ya kwao ilikuwa kubakiza sega moja katika kila mzinga, nyuki nao wale. Lakini msimu ule binti yao alikuwa anaolewa, na Ngasa alitaka pombe ya asali imwagike harusini. Akaanza kuikomba mizinga, mmoja baada ya mwingine. Walipofika kwenye ule wa mwisho, Kalunde, aliyekuwa chini akipokea masega, alimsihi aache moja tu.

“Kwani hao nyuki ni wageni wako?” Ngasa alicheka huko juu. “Haya, la wageni wako hilo!” Akaliacha moja, akashuka.

Harusi ikaliwa, ikanywewa, hata kibuyu cha asali ya dawa kikakaushwa. Siku si nyingi, Ngasa akibandua gome la kutengenezea mzinga, shoka likateleza likamchana mguu. Kidonda kikavimba, kikaanza kunuka. Kalunde alikaa kando yake akimpepea, na katika usingizi mwepesi wa mchana akasikia nyuki wakivuma kwa mbali, kama mama anayebembeleza mtoto. Alizinduka, akamgusa mumewe kipaji, akakuta kinawaka homa. Aliogopa kufiwa.

“Asali ingekisafisha,” Ngasa alinong’ona. “Nami nimeimaliza.”

“La wageni wangu je?”

“Mke wangu, mwanamke hapandi mti wa mzinga.”

“Na wewe mpandaji huna mguu.”

Kalunde akapanda na kijinga cha moto cha kuwatuliza nyuki, moshi ukimzunguka taratibu. Sega lilikuwa pale pale. Alikata nusu, nusu akawaachia wenyewe. Kila asubuhi aliosha kidonda, akakipaka asali, akakifunga kitambaa safi. Harufu ilitangulia kuondoka, kisha homa, na mwishowe nyama mpya ikaja.

Msimu uliofuata, Ngasa alipanda akichechemea. Kalunde alingoja chini, masega hayaji.

“Umekwama, baba?”

“Nawapakulia wageni wako.”

Kalunde alicheka huku machozi yakimtiririka. Ndipo akasema, kwa sauti ya kusikika hadi juu mtini: “Sega waachie nyuki, kidonda hakipigi hodi.”