Kifaranga Juu ya Jeneza

Kinyozi awe fundi namna gani, akiuelekeza wembe kwenye kisogo chake mwenyewe haoni unakopita. Ndiyo maana wahenga wakatuonya kuhusu mtu anayejitakia kazi ambayo mwenzake angemfanyia vizuri zaidi. Sajini Teodulo Magbanua, mpelelezi wa kituo cha polisi cha Talisayon, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya miwa, alikuwa na wembe mkali kuliko wenzake wote. Hilo ndilo lililomponza.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kupokea rushwa, hata ya kikombe cha kahawa. Mwanawe alipogonga uzio wa jirani kwa pikipiki, yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia kosa. Watu walimcheka, lakini walimwamini.

Jumanne moja asubuhi, kwenye kizuizi cha barabarani karibu na kiwanda cha sukari, konstebo Jofel Canlas alimpiga risasi ya kifuani dereva wa pikipiki ya abiria aitwaye Renante Sumagaysay. Dereva alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Jofel alidai kwamba dereva alitaka kumtolea bastola. Bastola ilitafutwa, haikuonekana. Ikasemwa labda ilitumbukia mferejini.

Mkuu wa kituo alimwita Magbanua. "Dulo, kesi hii ni yako. Nikimpa mwingine, watu watasema tunalindana. Wewe nani atakunyooshea kidole?"

"Lakini mkuu, mimi ndiye niliyesimamia ndoa ya Jofel. Ananiita baba."

"Ndiyo vizuri! Nani humchapa mtoto kuliko mzazi wake?"

Maneno hayo yalimvimbisha kichwa. Aliamini kweli kwamba angekuwa mkali kwa Jofel kuliko mtu baki, na hakukumbuka kwamba kwao msimamizi wa ndoa huapa mbele ya padri kuwalinda wale maharusi maisha yake yote.

Alifika barabarani, akapima hatua, akaokota ganda la risasi, akawahoji wachuuzi. Jofel alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, ametapikia viatu vyake, anatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Baba Dulo, niliona kitu cheusi. Haki ya Mungu, niliona kitu cheusi!" Kisha akampa pochi ya marehemu. "Hii ilikuwa mfukoni mwa suruali yake."

Magbanua aliipokea. Kidole gumba chake kikazama kwenye tundu dogo la mviringo, lililotoboa pochi pande zote mbili. Akajiambia, "Pochi kuukuu ya dereva maskini." Akaitia kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri, akaandika: *Pochi moja nyeusi, iliyochakaa*. Hakujiona kuwa amesema uongo. Usiku huo alilala fofofo, maskini.

Siku ya tisa ripoti ilikuwa tayari. Ilisema kwamba konstebo alijihami dhidi ya mtu aliyeshukiwa kuwa na silaha. Ilibaki sahihi ya mama wa marehemu tu, kuthibitisha kwamba amesomewa. Magbanua aliichukua, akaenda msibani.

Mama Pacita alikuwa amekataa kuzika. "Simziki mwanangu akiwa na jina la ujambazi," aliwaambia wote waliomsihi. Juu ya kioo cha jeneza alikuwa ameweka kifaranga hai, kama wafanyavyo watu wa huko mtu anapouawa, ili kila kinapodonoa mchele kimdonoe muuaji moyoni. Uani wanaume walikuwa wakicheza karata. Walipomwona sajini wakanyamaza, isipokuwa mzee mmoja mwenye mdomo.

"Karibu, afande, ucheze. Ila sheria yetu unaijua. Hapa anayechanganya karata hakati yeye, anakata mwenzake. Huko kituoni kwenu nasikia mnachanganya, mnakata na kugawa wenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Magbanua alitabasamu kwa shida, akamkabidhi Mama Pacita ripoti.

"Usimjali huyo, mwanangu," alisema Mama Pacita. "Ana maneno kama kasuku. Wewe niambie. Renante alikuwa na bastola?"

"Mama, ripoti inasema kwamba..."

"Sikukuuliza ripoti. Nimekuuliza wewe."

Mama Pacita akamtilia punje za mchele kiganjani. "Haya, kilishe basi. Siku tisa nakilisha peke yangu, mkono umechoka."

Kifaranga kilidonoa punje moja baada ya nyingine. Mchele ulipokwisha, kikaanza kudonoa kidole gumba. Hakikuumiza. Hata hivyo Magbanua aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto, maana kidole kile kilikumbuka tundu lile, tena kilikuwa kikilikumbuka kila siku.

"Mama, nirudishie hiyo karatasi. Usitie sahihi."

"Kuna nini?"

"Alikuwa anatoa leseni. Pochi ina tundu la risasi. Aliishika mbele ya kifua chake, haikuwa mfukoni. Nililigusa tundu hilo siku ile ile."

Karata zilitulia mezani. Mama Pacita hakulia.

"Siku tisa," alisema taratibu. "Siku tisa watu wanapita hapa wakimwita jambazi, na wewe unajua!"

"Kidole kilijua, Mama. Kichwa ndicho kilichokataa."

"Basi nenda ukawaambie wenye vichwa vingine."

Alikwenda. Mchana ule ule aliipeleka pochi, na lakiri yake, kwenye ofisi ya mkoa inayowachunguza polisi, ambayo haina askari hata mmoja wa Talisayon. Akaandika pia kosa lake mwenyewe. Aliporudi, Jofel alimkuta mlangoni mwa kituo, macho mekundu.

"Umeniuza, Baba."

"Nilikuuza siku nilipokufichia, mwanangu. Ungeungama ukiwa bado unatetemeka, huruma ya watu ingekuwa upande wako."

Shauri liliposikilizwa juma hilo hilo, wakili Erlinda Tupas wa ofisi ile alimuuliza swali moja tu lililomchoma. "Sajini, kama konstebo huyu angekuwa wa mji mwingine, ungechukua muda gani kulitambua tundu hili?"

"Dakika moja," alijibu, akainamisha kichwa.

Jofel alifunguliwa mashtaka mahakamani. Magbanua alivuliwa cheo na kuondolewa kwenye upelelezi, naye hakukata rufaa. Renante alitangazwa kuwa hakuwa na silaha wala kosa, na kesho yake akazikwa kwa jina lake safi. Njia nzima ya kwenda makaburini, Mama Pacita alimbebesha Magbanua kifaranga, naye akakibeba mikononi, machozi yakimtoka hadharani. Alikuwa mpelelezi hodari na mtu mwema, na bado alijikata, kwa kuwa kinyozi hajinyoi.