Chujio la Mzee Lameck

Mzazi anayeogopa kumliza mwanawe huyawekea machozi akiba, na siku yanapomwagika humlowesha yeye mwenyewe. Ruthu wa Ipagala, mjini Dodoma, alikuwa mzazi wa namna hiyo. Mwanawe wa pekee, Yotham, alililia wembe utotoni akapewa. Alipokuwa ofisa wa wizara, mwenye tai na sauti ya amri, hakuwa na haja ya kulia tena.

Mumewe, Mzee Lameck, alikuwa amelegea misuli ya kifua kwa maradhi. Alipumua kwa mashine, kupitia mrija uliopitishwa kwenye tundu la koo. Kiangazi kilipokausha hewa hata makohozi yake yakawa mazito kama gundi, muuguzi Debora alifunga kwenye mashine chombo cha kupasha maji, kilichotia mvuke katika hewa ya mgonjwa. Kisha akachomoa chujio dogo lililokuwa karibu na koo.

"Mama, hivi viwili havikai pamoja. Mvuke ukiingia kwenye chujio hili, litalowa, na hewa itakosa njia. La kuzuia vumbi lipo kule kwenye mashine, linatosha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Jioni Yotham alifika, akaliona chujio mezani. Uso ukamwiva.

"Nani kalitoa? Vumbi lote hili la Dodoma, baba avute hivihivi? Mimi ndiye niliyeliagiza!"

"Debora kasema..."

"Debora! Na mimi nasema nini, mama? Au kitu changu ndicho kinachowachukiza?"

Akalirudisha, na chombo cha mvuke akakiacha kinachemka. Mzee Lameck, asiyeweza kusema, alimkazia mkewe macho. Ruthu akainama, akaanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Haya, mwanangu. Usikasirike. Nenda kale, ugali unapoa."

Asubuhi, Yotham akiwa kazini, mashine ilianza kupiga kelele. Kifua cha mzee hakikuinuka. Mkono wa Ruthu ukaenda kwenye chujio, ukasita kama mkono wa mwizi. Akachukua simu.

"Yotham, baba yako hapumui. Nilitoe?"

"Usiguse kitu, mama! Nakuja!"

Hakugusa. Alisimama akitazama midomo ya mumewe ikigeuka rangi, akisikiliza mlangoni. Alipolichomoa hatimaye, maji yalimtiririka viganjani, mengi, ya vuguvugu. Macho ya Lameck yalikuwa wazi, lakini hayakumtazama tena.

Makaburini Yotham alilia kwa kishindo, akaupiga udongo ngumi, kisha akamgeukia mama yake mbele ya waombolezaji wote.

"Kumbe Debora alikueleza, mama! Ulijua! Mbona hukunikataza?"

Ruthu alifungua kinywa ili ambembeleze. Kilichotoka ni kilio, na hakuna aliyeweza kukinyamazisha. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.