Vanila ya Nyamwiza

Ua la leo halingoji Jumapili. Methali hii ilianza hivi, na ilianza hapa hapa kilimani kwetu, kwa hiyo msidhani kila methali huzaliwa na mvi. Hii mimi naizidi umri kwa mbali. Aliyeisema mara ya kwanza alikuwa jirani yangu wa kuazimana chumvi.

Najua mmeisikia asubuhi kwa mwinjilisti, kwenye darasa lenu la kipaimara, pale Josia alipojitetea kwamba hana nafasi ya kusali kila siku ila Pasaka ikifika atasali mpaka magoti yaote sugu. Mlicheka wote. Sasa mnakuja kwa bibi kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Lakini huku mkisikiliza mnichambulie maharage hayo, maana hayajichambui.

Miaka hiyo vanila ilikuwa ngeni huku kwetu Bukoba. Sisi tulijua migomba na mibuni. Jirani yangu huyo, jina lake Nyamwiza, alikuwa mjane wa miaka ishirini na minane, ana binti mmoja mdogo, Kokwija. Mumewe alipofariki, ukoo ulikaa kikao kuhusu kibanja chake, yaani ile nyumba na shamba la migomba linaloizunguka. Shemeji yake, Kaijage, alikitaka. Alisema mwanamke peke yake hawezi kukitunza, kitageuka kichaka, afadhali arudi kwao. Kaijage hakuwa mtu mbaya, msimwekee pembe. Alikuwa na watoto saba na ardhi ya kugeuzia mbuzi tu.

Mkubwa wa ukoo wakati huo alikuwa Ta Byabato, yaani Mzee Byabato, baba mdogo wa marehemu. Ndiye aliyeamua. Akasema, "Mpeni miaka mitatu. Akizalisha kitu katika shamba hili, libaki lake. Asipozalisha, Kaijage alichukue." Kikao kikakubali. Nyamwiza akaenda kutafuta miche ya vanila kwa mtu mmoja upande wa Uganda, akaipanda chini ya migomba, akaielekeza juu ya miti midogo ya kuegemea, na watu wakamcheka kwamba analima kamba.

Sasa niwaambie habari za Ta Byabato, maana bila yeye hakuna methali. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na kwa sala ya Jumapili hakuwa na mshindani. Akisimama kuomba, akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wanatoka nje, wananyonyesha, wanarudi, na yeye bado yuko kwenye mataifa ya mbali hajafika kwa wagonjwa wa usharika. Alikuwa na sauti nzuri. Na kila Jumapili, bila kukosa, alimtaja Nyamwiza. "Bwana, mkumbuke mjane huyu. Bwana, bariki kazi ya mikono yake." Nyamwiza alikuwa akiinamisha kichwa, machozi yanamtoka.

Lakini Jumatatu mpaka Jumamosi, Ta Byabato hakusali. Mkewe, Ma Justina, ndiye aliyetuambia, tena mbele yake. Akimwita kwa sala ya asubuhi, mzee anajibu, "Wewe anza tu na hizo ndogondogo. Mimi nitamfikishia Mungu zote Jumapili kwa pamoja." Basi Ma Justina alikuwa anasali peke yake jikoni, dakika tatu nne, kisha anakoka moto.

Mwaka wa tatu vanila ikatoa vishada vya maua. Na hapa sikilizeni, maana ninyi vijana wa siku hizi hamjui. Kishada kimoja kina matumba ya maua kumi na tano, ishirini, lakini hayafunguki pamoja. Leo linafunguka moja, kesho jingine. Ua likifunguka alfajiri, mchana limekwisha kusinyaa. Na nyuki wetu hawaijui kazi yake. Lazima mtu aje asubuhi hiyo hiyo na kijiti chembamba, ainue utando mdogo uliomo ndani ya ua, abonyeze dume na jike vikutane. Hiyo ndiyo kuchavusha. Ukichavusha, ua linashika na kuwa ganda la vanila. Usipochavusha, linaanguka, na pale lilipokuwa hapatoki kitu tena.

Nyamwiza alichavusha siku tatu za kwanza. Ya nne, ilikuwa Jumapili, Kokwija akashikwa na nimonia. Mtoto anahema mbavu zinaonekana. Ikabidi ampeleke hospitali, na hospitali ilikuwa mbali, ya kulala huko. Asubuhi ile aliwahi shambani gizagiza likitoka, akachavusha kwa haraka, kisha akapita kanisani na mtoto mgongoni kutuomba tumwombee. Ta Byabato akasimama mbele ya watu wote. "Mwanangu, nenda na amani. Shamba niachie mimi."

Mimi ningeweza kumsaidia. Alishanionyesha namna. Lakini mzee wa kanisa akisema niachie mimi, nani atanyoosha kidole aseme niachie mimi pia? Nilinyamaza, na mpaka leo najilaumu.

Nyamwiza akampeleka mzee shambani, akamwonyesha kijiti, akamwonyesha ua. Akamwambia, "Kila asubuhi, baba. Kabla ya saa tano."

"Nimesikia," mzee akasema.

Alisikia kweli. Ila alisikia kwa masikio ya mkulima wa kahawa. Mibuni yetu mnaijua: mvua ikinyesha, baada ya siku chache kilima kizima kinakuwa cheupe, maua yote kwa pamoja, na mkulima hana kazi ila kunusa. Kisha maua yanajizalia yenyewe. Ta Byabato alikuwa na miaka hamsini katika kahawa. Jumatatu akaenda kwenye vanila, akaona kishada hiki kina ua moja, kile kina moja, matumba yamejaa bado yamefumba. Akajisemea, mke wa mwanetu ana haraka za vijana. Kwa nini nijisumbue na moja moja? Ngoja yafunguke yote, Jumamosi nije niyamalize kwa siku moja, kazi safi. Akarudi nyumbani akanywa chai.

Jumanne hakwenda. Jumatano alikuwa na kesi ya mpaka kwa mjumbe. Alhamisi na Ijumaa sijui, na hata yeye hakukumbuka.

Jumamosi alidamka kweli, na vijiti vyake kumi alivyovichonga vizuri. Akakuta kila kishada kina ua moja, kama Jumatatu. Chini, maua yaliyonyauka. Akazunguka mashina yote akidhani labda upande wa pili kuna mengine. Halafu akaketi kwenye gogo la mgomba, na hapo ndipo Nyamwiza alipomkuta saa tatu asubuhi, anatoka hospitali. Mtoto alikuwa amepona, amelala mgongoni. Mimi nilikuwa nimempokea begi barabarani, kwa hiyo nilikuwapo, niliona kwa macho yangu.

Nyamwiza aliangalia chini, akaangalia vishada. Kisha akauliza polepole, bila kumtazama, maana kwetu mkwe hamkazii macho baba mkwe.

"Baba, Jumatatu ulikuja?"

"Nilikuja. Yalikuwa machache. Nikayaacha yawangoje wenzao."

"Na Jumanne?"

Mzee akageuza vijiti vyake mkononi. Nyamwiza akajishika kiuno, akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyechoka, hakina kelele. Siku tano. Yaliyobaki kwenye vishada hayakuzidi nusu, na ukoo ulikuwa unakuja miezi miwili baadaye kuangalia. Niliogopa kwa ajili yake. Niliona kibanja kimekwenda.

Ta Byabato akasimama, akavua kofia. "Mwanangu, usilie. Kesho ibadani nitaomba. Nitakuombea kuliko siku zote. Nitamsihi Mungu mpaka asikie."

Hapo Nyamwiza alifanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Alinyanyua uso, akamtazama baba mkwe wake machoni.

"Baba, kesho kuna maua yatafunguka alfajiri, nayo hayatakungoja utoke kanisani. Nakuheshimu. Umeniombea miaka mitatu na Mungu anajua. Lakini ua la leo halingoji Jumapili."

Nilidhani mzee atawaka. Alikuwa na hasira za karibu, yule. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumtetea mwenzangu. Lakini Ta Byabato alisimama tu, kofia mkononi. Kisha akamwambia, "Saa tano haijafika. Yaliyofunguka leo yako pale. Nionyeshe tena." Wakaanza kuchavusha, yeye upande huu, Nyamwiza upande ule, na mimi nikachukua kijiti cha tatu.

Kesho yake, Jumapili, kengele ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, Ta Byabato hayupo. Akaingia wimbo wa pili ukiimbwa, suruali imelowa umande mpaka magotini. Mchungaji akampa nafasi yake ya sala kama kawaida. Akina mama wakashika watoto tayari kutoka nje. Mzee akafumba macho, akasema, "Bwana, asante kwa leo. Tusaidie leo. Amina." Akakaa.

Wanangu, kanisa zima lilifungua jicho moja. Mchungaji mwenyewe alikuwa hajafika ukurasa wa neno. Mama mmoja alifika mlangoni na mtoto wake ikabidi ageuke.

Toka siku hiyo, kila alfajiri Ta Byabato alikuwa shambani kwa Nyamwiza kabla maua hayajafunguka vizuri. Alikuwa anayangoja. Na wakati anangoja, anasali, maana utafanya nini kingine pale peke yako, kwenye baridi? Sala fupi. Alimtaja mkewe. Alimtaja yule jirani wa kesi ya mpaka, na wiki ya pili akaenda mwenyewe kwa mjumbe akaifuta kesi. Maua yalipokwisha, hakuacha kusali. Ma Justina alikuja kwangu siku moja na uso umemkunjuka, akaniambia, "Nimeolewa miaka thelathini na minne. Leo mume wangu amenisalimu kabla ya kuulizia chai." Alicheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Miezi miwili ikapita, ukoo ukaja. Wanaume tisa, Kaijage akiwa mbele. Nyamwiza alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kamshika gauni. Maganda yalikuwa yamening'inia, ya kijani, marefu, yamenona. Lakini vishada vilikuwa na pengo. Juu karibu na shina maganda manne, kisha patupu, kisha yaliyofuata.

Kaijage akashika kishada kimoja, akakigeuza. Mkulima mzuri, aliona mara moja. "Hapa katikati mbona hapana kitu?" Akashika kingine. "Na hapa. Vyote. Alianza vizuri, akachoka, akaanza tena. Ndicho nilichosema tangu mwanzo. Kazi ya mwezi mmoja imemshinda, shamba la maisha ataliweza?"

Wazee wakaguna. Mmoja akasema maneno hayo yana uzito. Nyamwiza akainamisha kichwa. Angeweza kusema, lakini hakusema, maana angesemaje mbele ya wanaume wa ukoo kwamba aliyeharibu ni mkubwa wao? Na mimi si wa ukoo ule, sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Aliyeweza kusema alikuwa mmoja tu, na kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Ta Byabato akavua kofia.

"Pengo hilo ni langu," akasema.

Kaijage akageuka. "Lako kivipi, baba?"

"Mtoto aliugua, Nyamwiza akampeleka hospitali. Aliniachia maua, akaniambia kila asubuhi. Mimi nikangoja Jumamosi. Siku tano ziko hapo, zihesabuni. Juu ya pengo ni kazi yake. Chini ya pengo ni kazi yake, mimi nilimsaidia tu."

"Wewe?" Kaijage hakuamini. "Wewe unayemwombea kila Jumapili mbele ya watu?"

"Mimi huyo huyo. Nilimwombea Jumapili, nikamwangusha Jumatatu." Sauti yake ile nzuri ilikuwa imekauka. "Miaka sitini na sita nimekuwa nikimwekea Mungu kiporo. Mke wa mwanenu ndiye aliyenifundisha, na alikuwa analia aliponifundisha. Kama kuna wa kunyang'anywa kitu leo, ninyang'anyeni mimi huu ukubwa wa ukoo."

Kaijage alibaki ameshika kishada. Alipitisha kidole kwenye lile pengo, akashuka mpaka kwenye maganda ya mwisho, akaona yalivyofuatana, moja kwa kila siku, hakuna iliyorukwa. Akakiachia taratibu kisije kikakatika.

"Mkubwa utabaki wewe," akasema. "Na shamba limezaa. Libaki lake." Kisha akamgeukia Nyamwiza. "Shemeji, ulimfundisha mzee kwa maneno gani?"

Nyamwiza aliona haya, akajifunika mdomo kwa kanga. Ta Byabato ndiye aliyeyasema kwa niaba yake, mbele ya ukoo wote, na jioni hiyo yalikuwa yamefika mpaka ziwani.

Basi Josia, na ninyi wenzake mliomcheka, mwinjilisti akiwauliza kesho kama mmesali, msimweleze habari za Pasaka. Ua la leo halingoji Jumapili.