Pumzi ya Bi Nakijwa

Kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii sitairudia, wala sitaipaka asali.

Huko milima ya Usambara kulikuwa na kiwanja cha mpira wa kikapu ambacho kila alasiri kilimezwa na ukungu. Wageni waliutukana ukungu ule. Wasichana watano wa pale walicheza ndani yake kama wako sebuleni kwao.

Sikudhani alikuwa mdunguaji: akiachia mpira, ungedhani kikapu ndicho kinaufuata. Mkunde alikuwa mchezeshaji, aliyejua kila mwenzake alipo kwa kusikia nyayo tu. Mwanahawa, senta, alikuwa mrefu na mpana. Ukimgonga, unaomba radhi wewe. Zaina na Zubeda, mapacha, walicheza pembeni. Zaina akiruka hashuki upesi. Zubeda akikimbia, utabaki kuuliza amepita nani.

Aliyewafundisha wote ni Bi Nakijwa. Siku pampu ilipoharibika, aliujaza mpira kwa mdomo wake, akipuliza na kucheka, akipuliza na kucheka. Juma lile lile akafariki. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuujaza tena.

Sasa, kijijini pale wana desturi yao. Fainali ikiisha, mpira hulala nyumbani kwa aliyeleta ushindi. Mshindi huyo hulaza kichwa juu yake, na ndotoni humwona yule anayemkosa kuliko wote. Mmoja tu. Mpira haubebi vichwa viwili.

Siku ya fainali ikaja, na timu ya bondeni ikapanda mlimani. Ukungu ukashuka hadi mtu hakuona kiwiko chake. Wasichana wetu walikuwa nyuma kwa pointi moja, na muda ulikuwa unaisha.

"Leo mtafunga mawingu!" wa bondeni wakawacheka, wakarusha. Mpira ukagonga chuma.

Zaina akaruka, akapotea juu, akarudi nao. Asingeruka, mchezo ungekuwa umekwisha.

Zubeda akakimbia upande wa pili akipiga kelele, "Nipe! Nipe!" na wala hakuutaka. Walinzi wakaifuata sauti. Asingepiga kelele, njia isingefunguka.

Mkunde akafumba macho, maana yalikuwa na faida gani? Akasikiliza nyayo, akautupa mpira ndani ya weupe. Ukatua mikononi mwa Sikudhani.

Mlinzi mmoja hakudanganyika, akaja mbio. Mwanahawa akasimama katikati kama mlango uliofungwa. Wakagongana, wakaanguka wote wawili, na hakuna aliyeona.

Sikudhani akaachia. Kikapu hakukiona. Pakawa kimya, kimya kirefu, kisha wavu ukasema: fyuu.

Mpira ulipodunda chini, ukaanza kuvuja. Ssss. Mzee Shekimweri, mume wa marehemu Bi Nakijwa na mtunza mpira, akauokota.

"Semeni haraka, wajukuu zangu. Pumzi hii asubuhi haitaiona."

"Ni wangu," akasema Sikudhani. "Nimefunga mimi."

"Umefunga nini wewe?" Mkunde akadakia. "Bila pasi yangu ungefunga kilemba!"

"Na pasi uliitoa wapi?" akauliza Zaina. "Nani aliuchuma kule juu?"

"Mimi koo limenikauka kwa kudanganya watu," akasema Zubeda, "nyie mnaona utani!"

Mwanahawa alikuwa anafuta damu gotini. "Sina maneno mengi. Nataka tu nimuulize Bi Nakijwa kama yeye aliona."

Wakamgeukia mzee. Mkunde, ambaye hakuna kinachompita sikioni, akagundua kwamba ile ssss imefifia. Mzee alikuwa amebana tundu kwa kidole gumba, mpira ameukumbatia kifuani.

"Babu," akamwita taratibu, "wewe umeshamwota?"

"Bado."

"Tangu tumzike?"

"Bado, mjukuu wangu."

Mzee akaona haya, akaondoa kidole, akaunyoosha mpira mbele yao. Ssss.

Na mimi naishia hapo hapo. Asije mtu akaniambia wagawane, nimeshasema haugawanyiki. Wala msinitazame mimi usoni, jibu halipo huku. Ukungu umetanda, pumzi inatoka, na mikono ya mzee bado imenyooka. Je, wewe ungesema mpira ule ukalale kwa nani?