Mama Aliyepangiwa Kupumzika

Wapendwa, kaeni. Naona leo wengi mmeketi kama watu walioacha mizigo mlangoni, na wanajua wataiokota tena wakitoka. Sitawachosha zaidi. Nataka kuwasimulia habari ya mama mmoja, halafu nina neno dogo kwetu sisi.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani Upare, mke wa fundi seremala. Watu walimwita Mama Mbonea, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Asubuhi moja mumewe alikuwa karakanani anapiga randa ubao wa mlango, akapatwa na kiharusi, akaanguka. Upande wake wa kulia haukuamka tena. Akalazwa kitandani, na kitanda kikawa ndiyo dunia yake.

Wauguzi walimfundisha mama yule jambo moja la lazima: mgonjwa wa namna hii hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unatoboka vidonda. Kila baada ya saa mbili, iwe jua, iwe giza. Mnaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba ile usingizi ulikwisha, kukabaki kusinzia. Mama alisinzia akikoroga uji. Alisinzia akianika mashuka. Siku moja alisinzia amesimama, mkono kwenye komeo la mlango, mpaka jirani akamwuliza kama anasubiri mgeni. Kwaya aliiacha. Jumuiya aliiacha. Ibadani alikuja mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akaja Krismasi na Pasaka, na baada ya hapo hakuonekana. Miaka saba ikapita hivyo.

Alikuwa na watoto wawili. Mbonea alifanya kazi Uingereza, na Nakijwa alikuwa benki, Dar es Salaam. Hawakuwa watoto wabaya, nataka mlishike hilo. Kitanda cha hospitali cha kunyanyuka kichwani walinunua wao. Dawa hazikukosekana, wala nepi za watu wazima. Kila Jumapili walipiga simu. Na kwa kuwa walipiga simu ya picha, waliuona uso wa mama yao ukikauka mwaka hadi mwaka.

Basi mama alipokaribia kutimiza miaka sabini, Mbonea akamwambia, "Mama, umechoka mno. Mimi na Nakijwa tumekubaliana. Utakuja huku upumzike."

"Huko wapi, mwanangu?"

"Huku kwangu. Lakini hatutakaa mjini. Nitakutembeza mashambani kwa gari, siku saba, mimi mwenyewe dereva. Wewe kazi yako ni kupumzika tu."

Na kweli kijana alipanga. Alipanga kwa mapenzi, kama mtu anayejenga nyumba. Alikodi gari lenye viti vinavyopata joto vyenyewe. Akachagua barabara nyembamba zinazopita katikati ya ua wa miti, pande zote mbili kondoo. Usiku wa kwanza wangelala katika jumba la bwana mkubwa wa zamani ambalo sasa ni hoteli. Siku ya pili wangefika mahali penye maji ya moto yanayotoka ardhini, watu wanaketi humo mpaka viungo vinalegea. Siku ya tatu mama angekandwa mwili mzima. Ya nne wangetembea msituni kimya kimya, bila simu, na kungekuwa na mtaalamu wa kuwafundisha namna ya kupumua.

Mama aliposomewa hilo la kupumua akajiuliza kama nako kunafundishwa. Alikuwa amembeba mzee nusu, bega lake chini ya bega la mumewe, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai.

"Mama, unapenda kukandwa kwa mafuta au kwa mawe ya moto?" Nakijwa aliuliza siku nyingine. "Wanataka kujua mapema."

"Chochote, mwanangu. Mtakachoona chema."

"Na mito ya kitandani? Wanayo ya aina sita."

"Mmoja unatosha."

Wiki zikaenda namna hiyo. Picha zikaja: vyumba vyenye mapazia mazito, mabeseni ya kuogea yenye miguu, vitafunio vya chai vimepangwa kwenye sahani za ghorofa tatu. Mama alizitazama zote, na wakati mwingine alizipenda kweli. Mtu aliyechoka akionyeshwa kitanda cheupe, moyo wake unakwenda. Lakini kila picha ilipofika, alisubiri. Kulikuwa na swali moja alilongoja waliulize wao, na hawakuliuliza.

Jumapili moja alasiri wakampigia wote wawili. Mbonea alikuwa amechapisha mpango mzima, karatasi kumi na mbili, akazigeuza moja moja mbele ya kamera. Alipomaliza akasema, "Sasa, Mama, kuna kitu kimekosekana?"

Mama akavuta pumzi.

"Baba yenu atageuzwa na nani?"

Mbonea akazipanga upya karatasi zake. Nakijwa akapepesa macho.

"Tutatafuta mtu," alisema Nakijwa. "Au kuna kile kituo cha wazee kule chini. Wanaweza kumpokea kwa hizo siku. Ni wiki moja tu, Mama, hata hatajua."

Mzee alikuwa kitandani, hatua mbili kutoka kwenye simu. Ulimi wake ulikuwa umefungwa, lakini masikio yalikuwa ya seremala yuleyule, aliyeweza kusikia msumari ukipinda ndani ya mbao. Chozi likatoka kwenye jicho lake zima, likashuka mpaka sikioni. Mama akalifuta kwa kidole.

"Anasikia," alisema.

"Mama, sisi tunakufikiria wewe," alisema Mbonea. "Kwa nini unatuvunja moyo?"

"Siwavunji moyo, baba. Mmenipenda, nimeona. Lakini Uingereza sikuiomba. Ninaomba mmoja wenu aje akae hapa siku saba. Mimi nitalala chumba cha pili. Basi."

Nakijwa akasema kazini kwake mwaka huu ni mgumu, hawatoi ruhusa. Mbonea akasema, "Na mimi likizo nimeshaiombea ile safari."

"Siku ngapi?"

"Siku kumi na nne."

"Si ndiyo hiyo hiyo likizo, Mbonea?"

Mbonea akasema anaitwa na mtu, simu ikakatika.

Siku mbili hakuna aliyeandika neno. Siku ya tatu Nakijwa akatuma picha ya hoteli nyingine. Chini yake aliandika: Mama, hii je? Ina bustani nzuri zaidi. Mama akaicheka kicheko kile cha mtu asiye na nguvu ya kulia, akaigeuza simu kifudifudi, akaenda kuchemsha maji.

Mbonea alikuja mwezi uliofuata. Msidhani alikuja kwa sababu alikuwa ameelewa. Alikuja na zile karatasi kumi na mbili ndani ya begi, nia yake amkalishe mama chini, amshawishi uso kwa uso. Alifika saa nne asubuhi, akaamkia, akapewa chai. Kabla hajafungua begi, mama akamwambia, "Njoo nikuonyeshe."

Akamwonyesha. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga. Usimvute ngozi, umbebe. Mto katikati ya magoti. Uji kijiko nusu, umngoje ameze, ndipo kingine. Kisha akafungua chumba cha pili, akaingia, akafunga mlango.

Alilala mchana ule, akalala usiku, akaamka siku ya pili jua limeshapanda.

Alimkuta Mbonea ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, shati limelowa. Hakuwa tena na uso wa mtu aliyekuja kushawishi.

"Mama, umewezaje miaka saba?"

"Sijaweza," alisema mama. "Ilipita tu."

Siku ya tatu Mbonea alikuwa anamwosha baba yake mgongo. Akaona midomo ya mzee inahangaika. Akainama. Mzee akatafuta neno muda mrefu, kama anayeinua kitu kizito, kisha likatoka.

"Pole."

Mbonea akatoka nje mbio, taulo mkononi. "Mama, Baba amesema. Amesema pole."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ndilo neno pekee lililombakia. Huniambia mimi kila nikimgeuza. Leo amekwambia wewe."

Kijana akaketi chini pale pale, kwenye udongo. Ilimjia kwamba katika nyumba hii yote, kwa miaka saba, mtu pekee aliyeona kazi ya mama yake kwa karibu kiasi cha kumpa pole alikuwa ni yule asiyeweza kuinua hata kijiko.

Uingereza mama hakwenda. Mbonea huja kila mwaka na likizo yake yote. Nakijwa alikuja mara moja, akakaa siku tatu, akaondoka analalamikia kiuno. Lakini alikuja.

Sasa ndugu zangu, naona mnatikisa vichwa. Mnasema moyoni, watoto wa siku hizi. Ngojeni kidogo.

Mwezi uliopita, sisi hapa, tulikwenda kumwona mgonjwa pale nyuma ya kisima. Mnakumbuka? Tulikuwa watu ishirini na wawili. Tulibeba sukari na sabuni. Tuliimba nyimbo tatu, tukaomba sala ndefu, na kila mzee wa kanisa akapewa nafasi ya kusema neno. Na yule mama mwenye mgonjwa alikuwa wapi muda wote ule? Alikuwa anazunguka kuazima viti. Kisha akawasha moto, akatupikia chai. Watu ishirini na wawili. Nani kati yetu alimwambia, mama, nenda ukalale, sisi tupo? Nani alishika beseni? Mimi mchungaji wenu nilikunywa vikombe viwili, nikamshukuru kwa ukarimu, nikaondoka nikiamini nimempumzisha.

Tunawapangia waliolemewa kila kitu: maombi, michango, ratiba ya kuwatembelea. Tunawapa mbingu yenyewe, kwamba huko watapumzika. Lakini Bwana tunayemhubiri hakupiga simu kutoka mbinguni kutuuliza tunapenda mito ya aina gani. Alishuka. Akaingiza bega lake chini ya mzigo wetu, na uzito wake akauonja.

Leo yule mama wa nyuma ya kisima hayupo kanisani. Tazameni kiti chake pale, karibu na dirisha. Hana wa kumwachia mgonjwa. Mimi nikitoka hapa nakwenda kwake, na sitabeba sukari wala kitabu cha nyimbo. Naona haya kuwaambia, lakini nina miaka ishirini na moja madhabahuni na sijui hata namna ya kumlisha mtu aliyelala. Kama yupo hapa anayejua, naomba anifuate anifundishe. Wengine nendeni nyumbani kwenu mkatazame ni nani huko anayesinzia amesimama.